Mbeleko ya Gari

Mjomba wangu hupiga goti ndani ya kiti cha mtoto kabla mtoto mwenyewe hajafika. Ukimwona kwa mbali pale kwenye maegesho ya Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, mlango wa gari lake, Noah, uko wazi, nusu ya mwili ndani na nusu nje, utadhani kuna kitu kimemdondoka chini ya siti. Hatafuti kitu. Anashusha uzito wake wote, kilo themanini na ushee, juu ya kile kiti cha plastiki ili sponji ya siti ya gari ididimie hadi mwisho wake. Ikiwa ingali imedidimia hivyo, mkono wa kulia unavuta mkanda. Anavuta kidogo, anangoja, anavuta tena. Mkanda unarudi ndani kwa milio midogo, tik, tik, tik. Akiinua goti, sponji inataka kupanda na mkanda unaikatalia. Hapo kiti kimeshika.

Kisha anakijaribu. Mimi siku ya kwanza aliponipa nafasi nilikishika juu, kwenye egemeo la kichwa, nikakivuta kwa nguvu, kikayumba, nikaona sijaweza. Akaniambia pale juu kila kiti huyumba. Mahali pa kushika ni pale pale mkanda unapopita, unatikisa kushoto na kulia kama unayesalimiana na mtu, bila hasira. Kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba, anafungua kila kitu na kuanza upya. Nimemwona akianza upya mara tatu jioni moja, ndege imeshatua, abiria wanangoja mizigo, simu inaita mfukoni. Hakuipokea mpaka alipomaliza.

Amekuwa dereva wa kukodi kwa zaidi ya miaka ishirini. Amebeba watalii, wakandarasi, maharusi, maaskofu. Gari lake halina harufu ya kitu chochote, na hilo peke yake ni kazi. Lakini kinachonifanya nimwandike ni viti vinne vya watoto alivyovipanga stoo nyumbani kwake Moshi, kila kimoja kimefunikwa kipande cha shuka. Kimoja ni cha kichanga, chenye mpini kama wa kikapu. Viwili ni vya watoto wanaotambaa na wanaoanza kutembea. Cha nne ni cha kumwinua mtoto mkubwa kidogo ili mkanda wa gari umkae mahali pake. Hakuna aliyemlazimisha kuvinunua. Katika safari nyingi hakuna hata anayemlipa zaidi kwa kuvileta.

Kazi huanza siku mbili kabla ya safari, kwenye simu. Mzazi anaandika kwamba wana mtoto mdogo. Mjomba anajibu kwa maswali: ana miezi mingapi, ana kilo ngapi, ana urefu gani, anaweza kukaa bila kushikwa? Mara nyingi jibu linarudi, "Ni mdogo tu." Anauliza tena, kwa heshima ile ile, kwa sababu udogo si kipimo. Mzazi akisema hajui uzito, anamwelekeza apande kwenye mzani akiwa amembeba mtoto, kisha apande peke yake, atoe. Wapo wanaokasirika kidogo. Wengi wao, wakishafika na kukuta kiti kimeshapangwa kwa kimo cha mtoto wao, mikanda ya mabegani ikitokea pale pale inapotakiwa kutokea, hunyamaza na kumtazama upya.

Maana mikanda hiyo ina mahali pake. Mtoto anayetazama nyuma, mikanda yake itoke usawa wa mabega au chini yake kidogo, imzuie asipande juu. Akishageuzwa kutazama mbele, itoke usawa wa mabega au juu yake kidogo. Tofauti ni ya tundu moja tu mgongoni mwa kiti, na kuihamisha kunataka kukigeuza kiti chote, kuchomoa mikanda nyuma, kuipitisha upya bila kuipinda. Ni dakika kumi za kazi ambayo hakuna abiria anayeiona. Dereva mwenye haraka huacha mikanda pale ilipokuwa kwa mtoto wa jana.

Amenifundisha pia kusoma kibandiko. Kwenye viti vya Ulaya ni cha rangi ya chungwa, kina herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyokiidhinisha: 1 ni Ujerumani, 4 Uholanzi, 5 Uswidi. Kanuni ya zamani, R44, hupima kwa kilo: hadi kilo 13, kutoka 9 hadi 18, na kuendelea. Ile mpya, R129, iliyoanza kutumika mwaka 2013, hupima kwa sentimita, na inakataza kumgeuza mtoto kutazama mbele kabla hajapita miezi 15. Kiti kisicho na kibandiko, hata kiwe kizuri namna gani, hakiingii kwenye gari lake. Kwenye mitumba vipo vingi vya namna hiyo, vyenye vitambaa vya kuvutia na historia isiyojulikana.

Jioni ninayotaka kuieleza ilikuwa ya Julai. Familia ilikuwa inarudi kutoka Ulaya: baba, mama, mvulana wa miaka mitano na binti wa miezi minane aliyezaliwa hukohuko. Bibi yao alikuwa ameshuka kutoka Machame kuwapokea, ameshika sweta nene la sufu alilolifuma mwenyewe, la njano, lenye kofia. Anayeijua Machame mwezi wa saba anajua kwa nini. Mtoto alipotoka tu mlangoni, kabla hata salamu hazijaisha, alikuwa ameshavalishwa.

Mjomba hamgusi mtoto wa mtu bila kuombwa. Ni kanuni yake: yeye hufunga kiti kwenye gari, mzazi humfunga mtoto kwenye kiti, kisha yeye hukagua kwa macho na kwa vidole viwili, baada ya kuomba ruhusa. Mtoto anapolia, ni bora alie mikononi mwa anayemjua. Tena mzazi lazima ajue kufungua, kwa sababu anaweza kuhitajika kufungua dereva akiwa hawezi. Hilo la mwisho alinieleza mara moja tu, na sijalisahau.

Kwa hiyo mama akamkalisha binti yake, sweta na yote, akafunga kifungio, akavuta. Mikanda ikakaza. Kwa macho yangu ilikuwa imekaza vizuri. Mjomba akamgeukia bibi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Sweta ni zuri sana hili. Naomba tumvue kidogo, tumfunge, halafu tumfunike nalo kwa juu."

Bibi akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Mtoto atapata baridi. Sweta limefumwa miezi miwili. Hapo mjomba akafanya jambo ambalo halifanyi kila siku, kwa sababu lina muda wake. Akamwomba mama afungue kifungio bila kugusa urefu wa mikanda, amvue mtoto sweta, amrudishe, afunge tena. Mama akafanya hivyo. Mikanda ile ile iliyokuwa imekaza sasa ilikuwa inaning'inia. Mjomba akaomba ruhusa, akapitisha ngumi yake nzima kati ya mkanda na kifua cha mtoto, akaitoa polepole. Hakusema neno. Nafasi yote ile ilikuwa ni sufu. Gari likigonga, sufu hujibana mara moja ikawa si kitu, na mtoto ana nafasi ya kuchomoka.

Mama akavuta upya. Mjomba akashika mkanda penye mfupa wa bega kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, akajaribu kuukunja kama mtu anayefinya kitambaa. Ukikunjika, bado umelegea. Safari hii vidole viliteleza. Sweta likawekwa juu ya mtoto kama blanketi, kofia ikabaki kifuani.

Lakini bibi hakuwa amemaliza. Alikuwa anatazama ile mikanda mitano iliyokutana kwenye tumbo la mjukuu wake ambaye hajawahi kumshika kabla ya siku hiyo. Akasema, na sauti ilikuwa inatetemeka, "Mnamfunga mtoto kama mkungu wa ndizi. Nipeni nimpakate. Nimengoja miezi minane."

Mjomba alisimama wima, akafuta mikono kwenye leso. Sauti aliyotumia ni ile anayotumia kwa mama yake mwenyewe. "Mama, huyu baba yake ulipokuwa unambeba mgongoni kwenda shambani, mbeleko ulikuwa unaiacha imelegea?"

Bibi hakujibu haraka.

"Ungeilegeza angekuwaje?"

"Angeteleza."

"Basi hii ndiyo mbeleko ya gari."

Nimeyafikiria sana maneno hayo tangu siku ile, kwa sababu si ya kumbembeleza mzee tu. Yana ukweli wa kifundi. Mtazame mama anayemweka mtoto mgongoni: anainama mpaka mgongo uwe kama meza, anamtelezesha mtoto juu, anatandaza khanga, anajirusha kidogo ili mtoto akae mahali pake, anafunga, kisha, na hili ndilo linalomtofautisha mama na msichana anayejifunza, anavuta mara ya pili. Kuna nafasi inayobaki baada ya fundo la kwanza, na mtu mzoefu anajua ipo hata asipoiona. Goti la mjomba ndilo kule kujirusha. Kule kuvuta, kungoja na kuvuta tena ni lile fundo la pili. Bibi yule alikuwa na ujuzi wote uliotakiwa. Kilichokuwa kigeni kwake ni plastiki.

Kwa nini asimpakate? Hesabu yake si ngumu. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mwendo wa kwenye vibao vyetu vya vijijini, linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Likisimamishwa ghafla kwa sehemu ya kumi ya sekunde, kila kilichomo kinasukumwa mbele kwa nguvu ya mara 14 ya uzito wake. Binti yule alikuwa na kilo nane. Mikononi mwa bibi angekuwa zaidi ya kilo 110, mifuko miwili ya saruji na zaidi, bila onyo. Upendo wa bibi hauna kosa. Mikono ya binadamu ndiyo haikuumbwa kwa mzigo huo.

Wala si sisi peke yetu tuliokuwa na imani hiyo ya mikono. Jimbo la Tennessee ndilo la kwanza Marekani kuwa na sheria ya viti vya watoto. Ilipitishwa mwaka 1977 na kuanza kazi Januari 1978, baada ya daktari wa watoto aitwaye Robert Sanders kuipigania kwa miaka. Wabunge wa jimbo walikubali, lakini wakachomeka kipengele kinachoruhusu mtoto apakatwe. Sanders alijua kinachotokea kwa mtoto aliyepakatwa, anapobanwa kati ya mwili wa mtu mzima na dashibodi, akaendelea kupambana mpaka kipengele kile kikafutwa mwaka 1981. Miaka mitatu na zaidi ilihitajika kuondoa neno moja, kupakata.

Na wazo la kumgeuza mtoto atazame nyuma lilitoka Uswidi. Bertil Aldman, tabibu aliyekuja kuwa profesa huko, aliona kwenye televisheni jinsi wanaanga wa Marekani walivyolazwa chali ili msukumo wa roketi usambae mgongoni kote badala ya kukusanyika mahali pamoja. Akajiuliza kuhusu watoto. Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote, na shingo inayokibeba ni laini bado. Ukimkalisha atazame mbele, gari likigonga mwili unazuiwa na mikanda, kichwa kinaendelea na safari. Ukimgeuza, kichwa, shingo na mgongo vinapokewa pamoja na mgongo wa kiti. Majaribio ya kiti chake cha kwanza yalifanyika mwaka 1964. Mama zetu, bila roketi, walikuwa wamewabana watoto migongoni kichwa hadi kiuno tangu zamani.

Tulipokuwa tunaondoka uwanjani giza lilikuwa limeingia. Mvulana mkubwa alikuwa kwenye kile kiti cha kumwinua, mkanda wa gari umepita juu ya mifupa ya nyonga na katikati ya bega lake. Bila kiti hicho mkanda wa chini ungempanda tumboni, kwenye ini na utumbo, mahali pasipo na mfupa wa kuuzuia. Bibi alikaa katikati ya wajukuu. Kwa kuwa binti alikuwa anatazama nyuma, walikuwa wanatazamana uso kwa uso njia nzima. Bibi aligundua hilo tulipofika Boma Ng'ombe, nikamsikia anaanza kuimba kwa Kichagga, polepole. Mtoto alimshika kidole.

Mjomba haangalii nyuma anapoendesha. Anasikiliza. Kichanga wa wiki chache anamsikiliza kwa makini zaidi, kwa sababu kiti kikisimama wima mno kichwa huangukia kifuani na pumzi hubanwa. Ndiyo maana kwenye buti kuna taulo mbili zilizokunjwa, za kuwekwa chini ya ukingo wa kiti ili kilale kadiri inavyotakiwa. Na hakuna kichanga anayekaa kitini kwa zaidi ya saa mbili mfululizo katika gari lake. Safari ya Moshi kwenda Dar es Salaam inakuwa ndefu mno, lakini anasimama, mtoto anatolewa, analazwa, ananyonya, wanaendelea.

Kuna safari alizokataa. Kampuni moja ya utalii ilimpa gari la mbugani, siti zake zimetengenezwa gereji, zina mkanda wa kiunoni peke yake, na kwenye orodha ya abiria kulikuwa na mtoto wa miaka sita. Kiti cha kumwinua mtoto hakitumiki bila mkanda wa begani. Kinamwinua tu ili akunjike vizuri zaidi. Alieleza. Ofisini wakamwambia wateja hawajalalamika. Akarudisha funguo. Alikosa kazi pale kwa msimu mzima, na ule ulikuwa msimu wa ada za shule.

Hata Uingereza, ambako sheria inataka mtoto akae kwenye kiti chake mpaka afikishe miaka 12 au sentimita 135, dereva wa teksi amesamehewa ikiwa hana kiti kinachofaa. Kwa hiyo hata huko, anayekuja nacho amekuja nacho kwa hiari yake. Nilipomwambia mjomba hivyo aliitikia kwa kichwa, akaendelea kusugua.

Maana Jumapili ni siku ya kusugua. Vitambaa vinavuliwa na kufuliwa. Mikanda yenyewe haifuliwi hivyo: inafutwa kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini, bila Jik, bila kulowekwa, kwa sababu dawa kali hula nyuzi na hakuna atakayeona mpaka siku ya siku. Kifungio kinaoshwa kwa maji ya uvuguvugu ili makombo ya biskuti na juisi iliyoganda vitoke. Kinatakiwa kulia *kak*, mlio mmoja mkavu. Kikilia mara mbili au kikinyamaza, hakiendi barabarani. Kila kiti kina tarehe ya kutengenezwa iliyochapwa kwenye plastiki, na mwisho wa matumizi uliowekwa na mtengenezaji. Jua linachosha plastiki, na gari lililoegeshwa juani ni tanuri. Ndiyo maana ya zile shuka. Ndiyo maana pia, kabla ya mtoto kukalishwa mchana, mjomba hugusa chuma cha kifungio kwa mgongo wa kiganja.

Mwaka jana kiti chake kimoja kilifikia tarehe yake. Kilikuwa kizima, kisafi, na jirani alikuwa amekiomba. Mjomba alichukua mkasi mkubwa wa kukatia majani akakata mikanda yote mitano, kisha akaandika kwa kalamu ya wino mzito mgongoni mwa plastiki: KIMEKWISHA. Jirani hakufurahi. Mjomba alimwambia angemsaidia kutafuta kingine, na alimsaidia, ilichukua miezi minne.

Wiki mbili baada ya ile jioni ya Julai tulipanda Machame kuwachukua wale wageni warudi uwanjani. Asubuhi ilikuwa na ukungu, migomba inadondosha maji. Mjomba alipiga goti lake, akavuta, akangoja, akavuta, akatikisa. Safari hii baba ndiye aliyemfunga binti, akiwa na haraka, begi moja bado begani. Mjomba akasogea ili akague, lakini bibi alikuwa amewahi. Aliingiza kichwa ndani ya gari, akalisogeza lile sweta la njano pembeni, akashika mkanda penye mfupa wa bega kwa vidole viwili. Mkanda ukakunjika.

"Umelegea huu," akamwambia mwanawe. "Vuta."